Beji za Mama Fundi

Juzi nilipeleka sketi kwa fundi mmoja wa Greyville, hapa Durban, anipunguzie upindo. Kijana mwenyewe alikuwa na simu sikioni. Akaikunja sketi yangu kwa kukadiria tu, akasema njoo kesho. Hakupima. Nilitoka pale nikicheka peke yangu njiani, kisha kicheko kikakatika, maana nilikuwa nimemkumbuka Mama Fundi, na mimi nikishamkumbuka Mama Fundi siwezi kufanya kazi nyingine mpaka nimmalize. Basi kaa hapo nikusimulie, wewe ambaye hukupata bahati ya kugombezwa naye.

Tulikuwa tunaishi Albert Park, katika mojawapo ya zile ghorofa ndefu ambazo lifti zake zilikufa kabla hatujahamia na hazijafufuka. Sisi tulikuwa ghorofa ya pili, familia mbili ndani ya fleti moja, pazia katikati. Ulikuwa mwaka uliofuata Kombe la Dunia, na watoto walikuwa bado wanapuliza vuvuzela kwenye korido mpaka wazee wakawatukana kwa lugha tano. Nilikuwa na miaka kumi. Ukipanda ngazi za jengo lile jioni ulijua kila ghorofa inapika nini: chini samaki wa chumvi, kwetu sombe la mama, yaani kisamvu, juu yetu maharage, halafu ghorofa ya tano harufu moja ambayo haikuwa na mwenzake jengo zima, vitunguu vilivyokaangwa polepole na paprika tamu, nyekundu kama udongo wa njia ya kwenda shamba.

Hapo ghorofa ya tano ndipo alipokaa Mama Fundi, peke yake na vyerehani viwili. Alikuwa Mtanzania wa Morogoro, mama mnene mwenye mwendo wa haraka, utepe wa kupimia shingoni hata akienda dukani. Kuku wake alimpika kwa paprika ile, na kwa kuwa malai chachu aliyoizoea hakuipata Durban kwa bei yake, alimwagia amasi, yale maziwa mgando ya Wazulu, kisha akamla na ugali. Mama yangu, mtu wa Uvira kule Kongo, alionja mara moja tu akasema ni chakula cha mgonjwa. Mimi nilikila mpaka nikalamba mwiko.

Upishi huo aliutoa Hungaria. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na tisa, serikali yake ilimpeleka huko pamoja na wasichana wengine kujifunza kazi ya kiwanda cha nyuzi. Wakati ule Hungaria ilikuwa nchi ya kijamaa, na ujamaa wa kule, alisema, ulipenda beji kama Wakongo wanavyopenda viatu vizuri. Wafanyakazi walijigawa katika vikundi vilivyoitwa brigedi. Brigedi iliahidi kufanya kazi vizuri, kusoma, na kuishi kwa utu, na ikitimiza ahadi kila mmoja alipata beji ya shaba. Mwaka mwingine wakitimiza tena, fedha, kisha dhahabu. Halafu kulikuwa na ile kubwa zaidi, nyekundu, ya mtu mmoja mmoja, iliyoandikwa Kiváló Dolgozó, yaani mfanyakazi bora, nayo ilikwenda na kijitabu kidogo chenye jina la mtu na kazi yake.

Yeye mwenyewe aliondoka kule na ya shaba tu. Akarudi nayo Morogoro, akaolewa na dereva wa malori, akamfuata Durban, akamzika Durban, akabaki. Miaka ikapita, kiwanda kile kikafungwa, ujamaa wenyewe ukafungwa, na wanawake aliofanya nao kazi wakaanza kumwandikia kwamba beji zao sasa zinauzwa sokoni kwa rundo pamoja na vijiko vilivyopinda. Akawajibu wote neno moja: nileteeni. Wakamletea. Bahasha zilikuja kwa mwaka mara tatu au nne, ndani yake beji imefungwa kwa pamba au kwa soksi ya mtoto mchanga. Nyingine alizipata kwa mzee mmoja aliyeuza sarafu za zamani kwenye soko la Jumapili karibu na ufukwe, ambaye alimwekea kitu chochote chenye herufi za Kihungaria.

Alizipanga kwenye kipande kirefu cha sufu ya kijani, kilichokunjwa kama mkeka na kusimamishwa nyuma ya cherehani. Kila Jumamosi asubuhi, kabla wateja hawajaanza kugonga, alikikunjua juu ya meza ya kukatia, na mimi ndiye niliyeitwa. Siku za shule kazi yangu ilikuwa kutunga uzi kwenye sindano na kuokota pini sakafuni kwa sumaku. Jumamosi nilipandishwa cheo. Nilisoma herufi ndogo kwa kioo cha kukuzia, maana macho yake yalikuwa yamechoka, na nilipangusa kila beji kwa flana kavu. Maji marufuku, mate marufuku, na ile dawa ya kung'arishia shaba ndiyo haramu kabisa. Alisema ukiisugua inang'aa leo, kesho haina uso.

Zile za zamani sana zilikuwa na parafujo na nati kwa nyuma, za baadaye zilikuwa na pini. Za parafujo alizisema vibaya kwa sababu zinatoboa nguo, na fundi gani anapenda tundu? Lakini ndizo alizozishika kwa muda mrefu zaidi. Mtu aliyekubali kutoboa koti lake pekee, aliniambia, alikuwa anaijua thamani ya kazi yake. Na kila beji aliijua mwenyewe wake. Hii ya bibi aliyekula kitunguu kibichi kama tunda. Uzi ukikatika kwenye mashine, yeye alikuwa ameshauunga kabla wewe hujageuka. Hii ya yule aliyenifundisha kuvaa soksi mbili wakati wa theluji. Hii ya mama wa watoto watatu aliyesoma shule ya jioni mpaka akawa msimamizi. Alizungumza nao kwa heshima ambayo sijawahi kusikia mtu akiwapa hata mawaziri. Nilikuwa namsikiliza mdomo wazi. Mpaka leo nikimwona mtu anafanya kazi yake vizuri, hata kama ni kufagia, nasimama kidogo nimtazame, na hilo nililipata juu ya meza ile.

Pembeni kabisa ya sufu ilikuwepo beji moja nyekundu ambayo kijitabu chake kilikuwa kitupu. Kiwanda kilifungwa kabla haijapewa mtu, na mwandishi wa brigedi aliikuta kwenye saraka akamtumia Mama Fundi. Haikuwa na jina. Hiyo ndiyo niliyokuwa naitazama kuliko zote, na sasa lazima nikueleze kuhusu Papa.

Uvira, Papa alikuwa mwalimu wa fizikia. Durban alilinda magari kwenye maegesho ya maduka kule Overport, kazi ambayo mji mzima unaiita car guard: unavaa kizibao cha manjano kinachong'aa, unamwongoza mtu akirudi nyuma, anakupa sarafu au hakupi. Kizibao kile hakuna mtu wa Albert Park aliyewahi kukiona. Alikivua Overport, akakikunja mara nne, akakitia kwenye mfuko wa plastiki chini ya mkate. Kwa majirani alikuwa bado Mwalimu. Nyumbani alikuwa mtu wa vichekesho, anayekagua hesabu zangu huku anaimba kwa pua, na akikuta kosa alilizungushia duara na kulichorea miguu ili likimbie.

Kisha siku moja kijana alitoka dukani pale Overport, Papa akamwongoza gari, kijana akashusha kioo ampe sarafu. Akamtazama vizuri. Akasema, "Mwalimu?" Alikuwa mwanafunzi wake wa Uvira. Papa akamjibu kwa Kiingereza, "No, boss. Sharp," yaani hapana, bosi, poa, akapokea sarafu, akageukia gari lingine. Mwenzake wa kazi ndiye aliyemweleza mama, nami nilisikia nyuma ya pazia. Tangu siku hiyo Papa alinyamaza. Kanisani aliacha kwenda, maana kijana yule alihamia mtaa wetu na kusali palepale. Nilimpelekea hesabu zangu za sehemu, akasema muulize mama yako, na mama yangu hesabu na yeye walishaachana zamani. Niliogopa, nakwambia kweli. Nilimtaka Papa wangu arudi, sikutaka kitu kingine chochote duniani.

Basi Jumamosi moja nikamwomba Mama Fundi ile beji isiyo na jina, nimpe Papa. Aliinua miwani.

"We mtoto, unadhani hii ni peremende? Hii haiombwi na binti wa mtu. Sisi kule walikaa wenzako wa kazi, wakaandika kwenye kitabu cha brigedi umefanya nini, wakapiga kura. Hata mkurugenzi hakuweza kuruka hapo."

"Papa hana brigedi."

"Anafanya kazi peke yake?"

"Wako watano."

"Basi anayo. Hawajui tu."

Akachukua daftari jipya, akalibandika utepe wa rangi tatu za Hungaria, nyekundu, nyeupe na kijani, na juu yake akaandika kwa mwandiko wake wa kiwandani, Brigádnapló, kitabu cha brigedi, na ile alama juu ya herufi. Akaniagiza niwaendee wenzake Papa, kila mmoja aandike kwa mkono wake mambo ambayo amemwona Papa akiyafanya. Na akanionya nisiwaambie ni ya nini mpaka wamalize. "Wakijua watamsifia kama marehemu," alisema. "Nataka ukweli."

Nikaenda mchana uleule, wakati wa zamu ya Papa kula, naye yuko nyuma ya duka. Mkubwa wa wale walinzi alikuwa mzee wa Kalemie, mpole, mwenye filimbi shingoni. Akaliona daftari kabla hajaniona mimi.

"Ile kitabu iko ya nini, mtoto?"

"Siwezi kusema, papa."

"Iko ya nani?"

"Ya Mama Fundi. Imetoka Hongrie."

"Hongrie iko wapi?"

"Ulaya."

Akautazama utepe. Akaitazama ile herufi yenye alama. Akanyoosha kizibao chake kama mtu anayeitwa ofisini. "Eish," akasema taratibu. "Banaandika nini?"

Nikaanza kusema banaandika jina na kazi na mambo ya Papa, lakini nilipofika kwenye kazi alikuwa ameshachukua kalamu. Aliandika jina lake, tarehe ya kuzaliwa, namba ya karatasi yake ya ukimbizi, mke, na watoto sita kwa mpangilio wa umri. Kisha akapuliza filimbi kidogo kuwaita wengine.

Kama hujaishi kwetu utacheka, na ucheke tu, lakini uelewe. Albert Park ya wakati ule iliishi kwa orodha. Kila mtu alikuwa anangoja kuchukuliwa kwenda nchi ya tatu, Kanada, Amerika, kokote, na kila mtu alimjua mtu ambaye jina lake liliitwa siku asiyotegemea. Liste, walisema, na walisema kwa sauti ya chini, kwa sababu iliaminika kwamba mwenye liste haulizwi, na anayeuliza sana anafutwa. Kwa hiyo mtoto aliye na daftari lenye rangi za bendera, anayesema Ulaya, na anayekataa kusema ni la nini, alikuwa ushahidi uliokamilika.

Jumatatu nilipotoka shule watu walikuwa wamekaa kwenye ngazi zetu kuanzia chini mpaka mlangoni. Mama alikuwa saluni mpaka jioni, Papa Overport. Na mimi, mjinga wa miaka kumi, niliwaona wanagombea kalamu nikafikiri Albert Park nzima inampenda baba yangu. Niliona wanaandika majina yao wenyewe, ndiyo, lakini nikasema moyoni kwamba wanajiunga na brigedi. Walileta picha ndogo za pasi, nami sikuwa na gundi, nikazibandika kwa ugali wa jana. Mama mmoja aliyesuka nywele saluni moja na mama yangu alileta picha za watoto wake wanne, akazibusu moja moja kabla ya kunipa. Huko juu Mama Fundi alishangaa mwenyewe: watu walimpelekea dagaa, walimsalimia kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Durban hakuna mteja aliyebishana naye bei ya upindo.

Jumatano Papa alirudi mapema. Yule mama wa watoto wanne alimkuta kwenye ngazi akamshika mikono.

"Papa, Mungu akubariki ju ya mtoto wako. Batoto bangu banafunga masanduku."

"Masanduku ya kwenda wapi, mama?"

"Hongrie!"

Alipoingia ndani nilikuwa nabandika. Alilichukua daftari akalisoma akiwa amesimama, ukurasa baada ya ukurasa, kwa ule uso wa kusahihishia mitihani. Nilingoja kofi. Halikuja.

"Ulibaambia ni liste?"

"Hapana, Papa."

"Ulibaambia si liste?"

Akaniuliza basi kitabu ni cha nini, nami nikalia nikamweleza yote, beji nyekundu, kijitabu kitupu, kura, mpaka zile hesabu za sehemu. Alinipa mgongo akatazama dirishani. Mama naye akarudi kutoka kazini akatukuta hivyo. Kisha akafungua mfuko wa plastiki, akatoa kizibao cha manjano, akakivaa, akafunga vifungo vyote.

"Unafanya nini?" mama akamuuliza. "Batakuona."

"Banafikiri niko mukubwa wa ofisi. Baone." Akanigeukia. "Vaa viatu."

Tulikwenda mlango kwa mlango, jengo letu na la jirani, jua bado liko juu ya paa za bandarini. Kila mlango ulipofunguliwa alisema maneno yaleyale: "Mimi ni papa wa huyu mtoto. Kazi yangu ni kulinda magari Overport. Liste hakuna. Mtoto alikosa, na mimi nilikosa ju sikujua anafanya nini. Mutusamehe." Kisha alibandua picha yao, akakwangua ugali kwa ukucha, akairudisha kwa mikono miwili. Wengine walicheka. Wengine walitutukana, na mmoja alimwambia aibu, mwalimu mzima. Akaitikia, "Ni kweli," akaenda mlango mwingine. Yule mama wa watoto wanne aliketi chini kizingitini akalia bila sauti, watoto wamesimama nyuma yake na masanduku, na Papa akachuchumaa pembeni yake mpaka alipomaliza. Sijawahi kuona haya kama nilivyoona pale, na sitaki kuona tena.

Kwenye mlango mmoja wa ghorofa ya nne alifungua kijana. Naye alikuwa amejiandika. Akamtazama Papa, akakitazama kizibao.

"Mwalimu," akasema.

"Ndiyo," Papa akajibu. "Na kule Overport pia ilikuwa ni mimi. Picha yako hii hapa."

Kijana aliipokea kwa mikono miwili, akainama.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa Mama Fundi. Alifungua daftari, akasoma, akaelewa dagaa walitoka wapi. Alinigombeza mpaka masikio yakawaka. "Nilikwambia usiseme ni ya nini. Sikukwambia unyamaze mtu akipotea mbele ya macho yako!" Kisha akasema na yeye ana kosa lake, kumpa mtoto daftari lenye rangi za bendera katika mtaa kama huu. Papa aliomba msamaha kwake kama kwa wengine. Mama Fundi alimtazama kutoka viatu mpaka kola, kama anayetaka kumshonea kitu.

Jumapili asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, Mama Fundi alipanda teksi akaenda Overport. Mimi nilikuwa nimembebea mkoba. Alikuwa amevaa gauni la buluu na ile beji yake ya shaba, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona ameivaa. Akawaita wale walinzi wanne, akawaambia wazi sasa kitabu ni cha nini, akafungua ukurasa mweupe. Papa alitaka kuondoka. Mama Fundi akamwamuru akae.

Wale wanaume walikuwa na kila sababu ya kumnunia. Lakini mzee wa Kalemie alivua filimbi yake kwanza, akasema Mwalimu akikuona unaumwa analinda magari ya upande wako na ya upande wake, wala hasemi kwa mtu. Mwingine akasema siku ya mvua kubwa alimsindikiza bibi kizee wa Kihindi kwa mwavuli mpaka robot, yaani taa za barabarani, akarudi amelowa. Mwingine akasema anawajua wenye magari kwa magonjwa yao, nani mgongo, nani macho, na anawaelekeza kwa kadiri ya hayo. Wa nne alikuwa kijana, akasita, akasema, "Lakini anajivunaka. Hakulaka na sisi. Anajificha nyuma ya duka na mkate yake."

Mama Fundi akaliandika na hilo, neno kwa neno.

"Nimesikia," Papa akasema. "Ni haki yake."

Wakapiga kura. Mikono minne, na wa kijana ulikuwa wa kwanza. Mama Fundi akatoa kijitabu kitupu, akaandika jina la Papa polepole kwa wino mweusi, kisha akafika mstari wa chini yake, kalamu ikasimama.

"Hapa ni kazi," akasema. "Nikuandikie mwalimu, baba. Maana ndivyo ulivyo, na karatasi hii inakaa milele."

Gari la kwanza la siku lilikuwa limeingia, mama mmoja anahangaika kuliweka sawa kati ya nguzo mbili. Papa akaenda. Akamwongoza kwa mkono, njoo, njoo, simama, akamfungulia mlango, akamsalimia. Akarudi akasimama mbele ya meza yetu ya sanduku la nyanya.

"Andika car guard," alisema. "Hii beji ni ya hii kazi."

Mama Fundi aliandika. Kisha akashona kwanza kiraka kidogo kwa ndani ya kizibao ili pini isikichane, fundi ni fundi, ndipo akamvalisha. Mchana ule Papa alikula mkate wake na wenzake. Jioni alikuja nyumbani na kizibao mwilini, akapanda ngazi zote nacho, akaniambia lete zile hesabu.

Beji ile aliivaa kila siku ya kazi kwa miaka iliyobaki. Wenye magari walimuuliza, naye alikuwa na majibu tofauti kwa kila mtu, kwa sababu vichekesho vilikuwa vimerudi. Watu wa Albert Park, walewale aliowarudishia picha, walianza kumletea barua zao za ofisi ya wakimbizi awasomee Jumapili, kwa kuwa walijua huyu hatawaambia liste iko wakati haiko.

Sasa hakuna kitu pale. Maegesho yana kizuizi na mashine inayotoa tiketi, na mashine haijui nani anaumwa mgongo. Mzee wa Kalemie alikufa bila kuitwa jina. Yule mama wa watoto wanne aliitwa kweli, Kanada, na watoto wake sasa huniandikia kwa Kiingereza. Papa amezeeka, anakaa nami Overport hiyohiyo, miguu inamsumbua. Wanawake wa kiwandani waliacha kuandika, mmoja baada ya mwingine. Na Mama Fundi alirudi Morogoro mwaka 2015, mwaka ule ambao wageni walishambuliwa Durban na wengi wetu tulilala na mizigo imefungwa. Nawakosa wote, na kuliko wote namkosa yeye, ambaye aliamini kwamba mtu akifanya kazi vizuri lazima mtu mwingine aione na aiandike.

Siku ya kufunga mizigo yake nilikuwa msichana mkubwa, nikamsaidia kupangusa beji kwa mara ya mwisho. Alikuwa na karibu zote alizowahi kuzitafuta. Pembeni ya sufu palikuwa na nafasi moja wazi, vitundu viwili vya pini tu. Nikamwambia kwamba Papa akiombwa atairudisha ile nyekundu kwa moyo mweupe, ili aondoke na mkusanyiko uliotimia. Akanipokonya flana.

"Irudi ije ifanye nini hapa?" alisema, akiikunja sufu. "Mwache nayo. Hiyo iko kazini."